Bandama na Baridi

Oktoba 24

Leo nimetapika hadi nyongo, na mara ya mwisho nimetapika ndani ya buti la baba mkwe. Sikukusudia. Wala sijuti.

Nilijua nguruwe watachinjwa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kitu kilichotolewa tumboni mwao kitaletwa mezani, pale pale ninapokunywa chai asubuhi, kingali kinafuka mvuke. Bandama. Ndefu kama ulimi wa ng'ombe, nyekundu ya kukaribia weusi, na ina utelezi ambao nikiufikiria tu mate yananijaa mdomoni. Nina mimba ya miezi mitano na ushei. Wale waliosema kichefuchefu huisha mwezi wa nne hawajawahi kuishi nyumba moja na Nestor Wakaruk.

Mzee Nestor ndiye baba wa mume wangu Bohdan, na kuanzia hapa kijijini Stara Luka hadi kwenye misitu ya kaskazini hakuna asiyemjua. Husoma majira ya baridi kwenye bandama ya nguruwe, kama alivyosoma baba yake, na babu yake kule Ukraine kabla hawajavuka bahari kuja huku. Huigawa sehemu sita, Novemba hadi Aprili. Palipo nene pana baridi na theluji. Palipo nyembamba, nafuu.

Jikoni walijaa wanaume na makoti yao yanayonuka zizi. Elmer Tveit, jirani yetu wa upande wa mashariki, mgane asiye na mtoto, alikaa mbele kabisa kama mtu anayesubiri kugawiwa peremende. Clifford Askew wa redio aliishusha maikrofoni yake karibu na bandama, utadhani ndiyo itakayozungumza.

"Haya, Mzee, tuambie. Tutakufa au tutapona?"

"Kufa mtakufa, Clifford, ila si kwa baridi ya mwaka huu."

Wakacheka. Mzee akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa, kisha akaing'ata. Mbichi! Akatafuna amefumba macho, na kitu chekundu kikamchuruzika pembeni mwa mdomo. Hapo ndipo nilipolikimbilia buti.

Niliporudi alikuwa anamalizia. "Desemba ya kawaida. Januari laini kama mgongo wa paka. Theluji yenyewe itakuja Machi, nayo ya kuoshea uso tu."

"Una hakika na hiyo Januari, Nestor?" Tveit aliuliza. "Maana kama ni laini, ng'ombe nawaacha kule bondeni wale mabua, na nyasi nauza."

"Bandama ina sababu gani ya kunidanganya?"

Kisha akanigeukia mimi, mkono ukiwa bado na damu. "Na wewe mkwe, huna haja ya kukimbilia mjini Regina kwa mama yako. Barabara zitapitika. Mjukuu wangu atazaliwa hapa hapa."

Wanaume wakanipigia makofi kana kwamba nimeshinda kitu.

Oktoba 26

Nimegombana na Bohdan. Nilimwambia nataka kwenda kwa mama mwezi wa Desemba, nikajifungulie huko. Akasema, "Lakini umemsikia Baba."

"Nimemsikia akitafuna."

"Odarka, hajawahi kukosea."

"Kweli?"

"Hajakosea sana."

Huyu ni mtu anayeshuka mgodini kwa lifti ya umeme, anayejua kusoma mitambo yenye taa za kila rangi, halafu maisha yake yanapangwa na kiungo cha nguruwe. Nimelala nimempa mgongo.

Novemba 3

Bandama iko kwenye friji. Ndani ya bakuli langu la saladi.

Novemba 17

Simu haitulii. Wanapiga wavuvi wa ziwani, madereva wa magogo, bibi harusi anayetaka kujua Jumamosi gani ya Februari itakuwa na jua. Mzee huwajibu wote kwa sauti ya asali. Mama Pawlina, mkewe, anapita nyuma yake na ndoo za maziwa kama kivuli. Tangu nguruwe wachinjwe mama huyu amenyamaza kwa namna nisiyoielewa. Jana nilimwuliza kama anaumwa. "Naumwa na masikio," alisema. "Nasikia mno."

Desemba 1

Theluji ya kifundoni. Supu ya bitiruti. Nimetapika.

Desemba 12

Leo lori limepita mbele ya nyumba limesheheni marobota ya nyasi ya Tveit. Ameuza karibu yote. Jioni akaja mwenyewe kuniletea zile chapati za viazi za kwao, amezipaka siagi na sukari, amezikunja vizuri kuliko mwanamke. Ndicho chakula cha kwanza kukaa tumboni mwangu wiki hii.

"Kula, binti. Mtoto wa Januari laini lazima awe mnene."

"Mzee Tveit, wewe kweli unaamini?"

Alifikiri. "Mke wangu alipofariki, Nestor alikuja kunikamulia ng'ombe hadi nilipoweza kuamka kitandani. Akiniambia Januari laini, ni laini."

Imani yake ilinikaa kooni kuliko ile bandama. Mtu mwema anapojikabidhi mikononi mwa mwenye kutafuna nyama mbichi, umkasirikie nani?

Desemba 30

Mtabiri wa hali ya hewa wa serikali, si Clifford, amesema redioni kuna baridi kubwa inajikusanya kule juu penye barafu isiyoyeyuka, na baada ya mwaka mpya itashuka kusini. Mzee alinyoosha mkono akaizima redio katikati ya sentensi.

"Wale wanatazama vioo vya mitambo," alisema. "Walishawahi kumshika nguruwe wale?"

Mama Pawlina akafanya ishara ya msalaba, akatoka kwenda kuwalisha kuku ambao alikuwa ameshawalisha.

Januari 6

Mkesha wa Krismasi yetu, ya kalenda ya zamani. Vyakula kumi na viwili, na hakuna hata kimoja chenye nyama, Mungu ashukuriwe. Mzee akachota ngano yetu iliyopikwa kwa asali, tunayoiita kutia, akairusha darini, kwa sababu ikinata mwaka utakuwa wa baraka. Ikanata. Wote wakashangilia. Tulipofika kwenye samaki ikabanduka, ikaniangukia nyweleni.

Bohdan alicheka hadi akalia. Nilimtazama na chembe za ngano zikinishuka shingoni, nikawaza: huyu ndiye niliyemchagua mwenyewe, kwa macho yangu mawili.

Kesho kutwa anarudi mgodini kwa zamu yake.

Januari 9

Theluji.

Januari 10

Theluji na upepo. Bohdan kapiga simu kutoka mgodini: barabara ya kule imefungwa. Anasema nisiwe na wasiwasi. Nimekata simu.

Januari 11

Kipimo cha dirishani kimeshuka hadi kwenye alama ya mwisho na kimekaa hapo. Simu inalia, Mzee hapokei.

Januari 17, hospitalini

Sasa naweza kuandika. Mtoto amelala kwenye kisanduku cha kioo kando yangu, mwekundu kama bitiruti, na anapumua mwenyewe. Ni wa kike. Niandike upesi kabla hasira haijapoa, maana nataka ikae humu ingali ya moto.

Ilikuwa tarehe 12, asubuhi. Maji yalinitoka jikoni, na mtoto bado alikuwa na majuma ya kukaa. Dirishani hapakuonekana kitu: si ghala, si mti, si mbingu. Weupe mtupu, na mlio kama wa mtu anayechana shuka lisilo na mwisho. Hospitali walisema ambulensi haiwezi kutoka mjini. Halmashauri walisema greda lao limezikwa na theluji njiani, dereva wanamtafuta.

Mama Pawlina aliniweka kwenye benchi, akanipapasa tumbo kwa mikono iliyowapokea watoto wengi wa kijiji hiki. Uso ukambadilika.

"Huyu amekaa kitako," alisema. "Huyu mimi simwezi. Huyu anataka daktari."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwenye soksi. Akasema polepole, "Mimi nilizaliwa chumba kile. Bohdan pia."

Sijawahi kumsikia mama yule akipaza sauti. Aliipaza.

"Nyamaza, Nestor! Nyamaza kabisa! Mwambie mtoto wa watu ulichokiona Oktoba."

"Pawlina, si sasa."

"Basi namwambia mimi. Odarka, bandama ile katikati ilikuwa nene kama ngumi. Januari yote! Niliiosha kwa mikono hii. Tangu nimeolewa namwoshea, na sijapata kuona unene kama ule. Yeye akatoka akawaambia watu laini kama mgongo wa paka. Kisa? Usiende Regina! Aliogopa ukizalia kwa mama yako Bohdan atakufuata, na hamtarudi tena. Haya, mtazame. Mwulize kama nasema uongo."

Nilimtazama. Hakukana. Alikuwa anatazama soksi zake.

Mimi siamini bandama. Sikuamini Oktoba, siamini leo, na jambo lenyewe haliko hapo. Yeye anaamini. Kwake yeye ile ni kweli kama ukuta. Alijua kwa kadiri anavyojua kitu chochote duniani kwamba baridi ya kuua watu inakuja, akawatazama majirani zake waliokaa vikombe mkononi, akamtazama Tveit, akatabasamu. Na mimi na tumbo langu ndio tuliokuwa tunanunuliwa kwa uongo ule. Nimeona nguruwe wakipasuliwa kuanzia kidevuni. Sijaona uchafu unaofanana na ule.

"Usinisogelee," nilimwambia, ingawa hakuwa amesogea.

Mama Pawlina akampigia Tveit. Nilimsikia akisema tu, "Elmer, ni Odarka," na simu ikakatwa upande wa pili.

Baadaye nilijua kwamba asubuhi ile Tveit alikuwa ameshapakia marobota yake ya mwisho kwenye tela ili ajaribu kuwafikia ng'ombe bondeni. Alilifungua tela akaliacha uani. Alikuja kwa trekta, na kutoka kwake hadi kwetu, mwendo wa kumaliza sigara moja, alitumia karibu saa nzima.

Trekta haikuona njia. Mzee Nestor, bila kuombwa, akajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye bampa, akachukua mti wa uzio akatangulia mbele akichoma theluji kutafuta ukingo wa barabara. Mimi nilikaa juu kwenye kibanda cha dereva, nimebanwa kati ya Tveit na mlango, miguu nimeikaza dashibodini. Kupitia kioo niliuona mgongo wa baba mkwe ukipotea na kurudi, ukipotea na kurudi. Sitaficha. Kila ulipopotea, nilitamani usirudi.

Katikati ya njia trekta ikakohoa, ikazima. Dizeli ilikuwa imeganda kama mafuta ya nguruwe. Tveit akashuka na filta mpya kifuani, alikoipasha moto. Kwa glavu hakuweza kuishika, akazivua. Mafuta yakammwagikia vidoleni. Nilimwona akiutazama mkono wake kana kwamba si wake, kisha akaendelea kukaza. Alipopanda tena mkono ulikuwa mweupe kama mshumaa.

"Mzee Tveit, mkono!"

"Ninao mwingine," alisema. "Wewe kazana na ya kwako, binti. Usimzalie humu, trekta si yangu, ni ya benki."

Nilicheka. Mungu wangu, katikati ya uchungu ule nilicheka.

Kwenye barabara kuu tulikuta lori la kusukuma theluji. Wakanichukua wao. Madaktari walinipasua, mtoto akatoka akiwa amenuna.

Januari 20

Tveit yuko wodi ya chini. Wamemkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Ng'ombe wake wa bondeni hakuna aliyewafikia kwa wiki nzima, na waliokuja kuwafikia waliwakuta wamesimama, wamekufa wakiwa wamesimama, pua zimezibwa na barafu.

Nilishuka kumwona, nikamwekea mtoto kifuani. Akamnusa kichwa.

"Usimkasirikie Nestor," alisema. "Bandama nayo ni nyama tu. Hukosea."

Nikamchukua mtoto bila kumwambia ukweli. Nikapanda ngazi kurudi wodini, na ukimya wangu ukaninuka njia nzima.

Februari 8

Bohdan ametuchukua. Nilimweleza kila kitu garini. Aliegesha kando ya barabara, akakaa akishika usukani. Kisha akasema, "Tukimaliza kupanda mbegu, tunahamia Regina." Ndilo jambo ambalo mzee aliwadanganya watu wote ili lisitokee.

Februari 21

Mzee anamwona mtoto kwa mbali tu. Sijamkataza. Anajikataza. Mezani anakula haraka kama mpangaji.

Machi 2

Nimemfuata ghalani.

"Baba, utamwambia Tveit, au nitamwambia mimi."

Alikuwa ananoa jembe kwa tupa, akaendelea kunoa. "Ataniua, mkwe."

"Hawezi. Hana vidole vya kutosha."

Lilinitoka likiwa baya kuliko nilivyolikusudia. Aliweka tupa chini. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokonda. Sikumwonea huruma, lakini niliona.

Machi 15

Chakula cha jioni cha parokia, ukumbini. Majani ya kabichi yaliyoviringishwa na wali ndani, watu wamejaa hadi jukwaani. Clifford alikuja na kinasa sauti chake, akasimama nyuma ya kiti cha mzee.

"Mzee, mwaka huu bandama imetuangusha! Nusu ya kaskazini iliganda. Una la kujitetea?"

Mzee Nestor akasimama. Akavua kofia ambayo huwa haivui hata kanisani.

"Bandama haikuwaangusha," alisema. "Ni mimi. Niliona baridi. Niliiona wazi, Januari nzima. Nikasema nafuu. Niliwadanganya."

Kisha mtu akapasua kicheko, na wengine wote wakafuata.

"Sikilizeni anavyomtetea nguruwe wake!"

"Mzee wa watu, hata lawama anataka kuzibeba yeye!"

"Sitanii," mzee alisema. "Nilidanganya, jamani. Nasema kweli."

Wakazidi. Mama mmoja alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Clifford akaisogelea maikrofoni yake: "Mnaona, wasikilizaji? Ndiyo maana tunampenda." Na watu hawa walipoteza ndama, walipasukiwa na mabomba, mmoja wao alimzika kaka yake aliyekutwa ameganda garini. Walitaka uongo mtamu Oktoba, wakapewa. Machi waliletewa ukweli kwenye sahani, wakaurudisha. Nilitamani kumtapikia kila mmoja buti lake.

Asiyecheka alikuwa Tveit. Aliweka uma chini, kwa mkono wa kushoto.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakupaza sauti, lakini mzee alimsikia.

"Nilitaka mjukuu azaliwe nyumbani, Elmer. Niliogopa wataondoka."

Tveit akamtazama mtoto mapajani mwangu. Kisha akachukua kofia yake akatoka, chakula akakiacha kinafuka, na watu nyuma yake walikuwa bado wanacheka.

Machi 16

Lango kati ya shamba letu na la Tveit limefungwa mnyororo. Sijawahi kuliona limefungwa.

Aprili 4

Theluji inayeyuka. Harufu ya bondeni imeanza kufika hadi kitandani. Nilidhani najua kunuka ni nini.

Halmashauri imetangaza kwamba mizoga yote izikwe kabla maji hayajashuka mtoni. Kule kwa Tveit trekta haiingii, tope linameza magurudumu. Inabidi kuburuta kwa mkono.

Aprili 9

Mzee anaondoka alfajiri na koleo. Anapanda juu ya lango lililofungwa, kwa umri ule, na suruali imemchanika. Mama Pawlina anasema Tveit hamfukuzi wala hamsemeshi. Kila mmoja anachimba upande wake. Mzee anarudi jioni ananuka kiasi kwamba anavulia nguo nje, kwenye baridi, na mama anammwagia maji kwa ndoo kama farasi.

Bohdan alitaka kwenda kusaidia. Baba yake akamwambia, "Hii si yako."

Aprili 14

Leo nimepeleka chai mwenyewe. Mtoto nimemwachia Mama Pawlina, nikajifunga kitambaa puani, nikapita shambani hadi ukingo wa bonde.

Sitaandika yote niliyoyaona. Kunguru, manyoya yanayobanduka, matumbo yaliyovimba yakapasuka. Ng'ombe waliokuwa na majina. Nilitapika, bila mimba safari hii, nikakaa juu ya jiwe na chupa ya chai.

Walikuwa chini yangu, mbali kidogo. Tveit alikuwa ameifunga kamba miguuni mwa ng'ombe jike mmoja mkubwa, anajaribu kumvuta kuelekea shimoni. Mkono wake wa kulia haushiki. Kamba ilikuwa inateleza pale vidole vilipokatwa, anaizungusha kwenye kifundo, inateleza tena. Akaanguka kitako kwenye tope. Akaamka. Akaanguka tena.

Baba mkwe alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, koleo mkononi, kama mbwa asiyejua kama ataitwa au atapigwa. Hakusogea. Nadhani angesimama vile hadi giza liingie.

Tveit akabaki amekaa topeni, anahema. Aliutazama mzoga. Aliutazama mkono wake. Kisha, bila kumgeukia, akaichukua ncha ya kamba, akaitupa nyuma yake.

"Vuta," alisema.

Mzee akaliangusha koleo, akavuta.